Treni Mbili za Umeme, Moja Inakunywa Dizeli

Abiria anayepanda treni ya reli ya kisasa, SGR, pale Miritini, Mombasa, anajua kwamba anavutwa na dizeli. Ni kweli, lakini si kweli yote. Ukifungua ubavu wa kile kichwa cha treni utakuta injini ya dizeli haijaungwa na magurudumu hata kidogo. Kazi yake ni kuzungusha jenereta. Jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa chini, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwa maneno mengine, treni ya Mombasa ni treni ya umeme iliyojibebea mtambo wake mgongoni na mafuta yake tumboni.

Treni inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma nayo inasukumwa na mota. Ila umeme wake haupikwi njiani. Unashuka kutoka kwenye waya wa volti 25,000 uliotandazwa juu ya reli, na waya huo unalishwa na gridi ya Taifa: maji ya Rufiji, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay.

Tofauti hiyo ya mahali pa kuweka jenereta inaonekana ndogo, jambo la mafundi. Lakini ndiyo inayoamua nani anakupangia bei.

Huku kwetu Dar bei ya mafuta hupangwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo, na usiku wa kuamkia siku hiyo, tetesi za kupanda zikishaenea, bodaboda hujipanga sheli kujaza matangi. Kenya, mamlaka ya huko, EPRA, hutangaza tarehe 14 ya mwezi. Watu hulaumu mamlaka hizo kama vile zimechimba mafuta zenyewe. Kazi yao hasa ni hesabu ya kujumlisha: bei ya soko la dunia, gharama ya meli, thamani ya dola, kisha kodi na tozo. Nauli nayo husubiri mlangoni. Bei ya mafuta ikipanda, nauli hupanda nayo. Ikishuka, nauli husahau njia.

Tazama kilichotokea Nairobi mwaka 2023. Oktoba ya mwaka huo lita ya petroli ilifika shilingi 217.36, bei ambayo Wakenya hawakuwahi kuiona. Ungedhani soko la dunia lilikuwa limelipuka. Sivyo. Pipa la mafuta ghafi lilikuwa rahisi kuliko katikati ya 2022, vita vya Ukraine vilipolipeleka kwenye dola 120. Yaliyobadilika yalikuwa nyumbani: ruzuku ilikuwa imepungua, VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai, na shilingi ilikuwa inaporomoka kuelekea 150 kwa dola moja. Wenye mafuta wa Ghuba wanauza kwa dola. Wewe unalipa kwa shilingi. Shilingi ikiugua, homa inaonekana sheli.

Basi kwa nini tusiachane na mafuta? Hapa ndipo fizikia inapotuumbua, kwa sababu petroli, hata ikiwa ghali, ni kitu cha ajabu.

Tutumie kipimo ambacho kila mwenye mita ya umeme ya LUKU anakijua: uniti, yaani kilowati-saa moja. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi. Mtu mwenye nguvu zake, akilima au akibeba mizigo saa nane kutwa, hutoa kazi ya takriban uniti 0.6. Maana yake chupa ile ya lita moja inayouzwa pembeni mwa barabara kijijini imebeba jasho la mtu la wiki mbili. Mwezi Mei 2022 hapa Tanzania tulipiga kelele lita ilipovuka shilingi 3,000, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuituliza. Kelele zilikuwa halali. Lakini hakuna kibarua duniani atakayekufanyia kazi wiki mbili kwa shilingi 3,000. Ndiyo maana dunia nzima ilinasa.

Tatizo ni kwamba injini haitupi hizo uniti 9. Injini ya petroli ni mashine ya joto: inachoma, hewa inapanuka, pistoni inasukumwa. Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mashine yoyote ya joto lazima itupe sehemu ya joto lake nje. Hakuna fundi atakayelikwepa hilo, awe Gerezani au Ujerumani. Pikipiki ya kawaida mjini inageuza robo hivi ya nishati kuwa mwendo. Inayobaki inatoka kwenye ekzosi na kwenye ule mtambo unaokuunguza mguu ukipanda vibaya. Mota ya umeme haiko chini ya sheria hiyo, kwani haianzi na joto. Inafikisha asilimia 90 hivi.

Hesabu ya bodaboda basi iko hivi. Pikipiki ya petroli inakunywa takriban lita mbili na nusu kwa kilomita 100, tuseme shilingi 7,500 lita ikiwa 3,000. Ya umeme inakula uniti tatu hadi nne kwa mwendo uleule. Kwa bei ya nyumbani ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, haifiki 1,500. Sijahesabu betri, na betri ndiyo shughuli yenyewe: kilo moja ya petroli ina uniti 12 hivi, kilo moja ya betri ya lithiamu haifiki robo uniti. Kwa sababu hiyo bodaboda wa Nairobi na Kigali wanaotumia umeme wengi hawamiliki betri. Wanafika kituoni, wanaacha iliyokwisha, wanachukua iliyojaa, wanaondoka. Rwanda imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi kama si ya umeme.

Turudi kwenye reli, maana huko hesabu inanoga zaidi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya Mombasa. Treni ikishuka kuelekea pwani, uzito wake wenyewe unaisukuma, na dereva lazima aizuie. Kwenye treni yenye mota hilo ni rahisi: mota inageuzwa kuwa jenereta, na mwendo unakuwa umeme. Lakini umeme huo uende wapi? Kichwa cha dizeli hakina pa kuupeleka. Kinaupitisha kwenye nyaya za kupasha joto, feni zinapuliza, na mlima wote uliopandwa kwa dizeli unaishia kuwa hewa ya moto juu ya Tsavo. Treni yenye waya inaweza kuurudisha juu, ukatumiwa na treni nyingine inayopanda.

Umeme nao una yake. Treni ya Dodoma ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili relini mwaka 2024 ilipokwama, na Shirika la Reli, TRC, likaeleza kwamba ngedere na bundi walihusika na hitilafu za umeme. Mitandao ilicheka wiki nzima. Mimi nilicheka pia, ila ngedere anafukuzika. Na bwawa la Nyerere la huko Rufiji, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, lilijengwa kwa shilingi trilioni 6.5 ndani ya Selous, eneo ambalo UNESCO iliorodhesha kuwa urithi wa dunia. Waliolipinga hawakuwa wajinga. Kuacha mafuta si kuacha gharama. Ni kuchagua uilipe wapi.

Kuna gharama moja ambayo wanasiasa hawapendi kuitaja. Serikali zenyewe zimezoea mafuta kuliko hata madereva. Barabara zetu zinatengenezwa kwa tozo ya kila lita. Kenya iliipandisha tozo hiyo Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25. Bodaboda wa umeme anapita juu ya lami ileile bila kutoa hata senti kwa njia hiyo. Wakiwa mia ni mfano mzuri wa kuonyeshwa wageni. Wakiwa laki tano ni shimo kwenye bajeti. Siku hiyo tozo itahamia kwenye betri au kwenye kilomita, na kijana aliyekopa pikipiki akiamini hesabu yangu ya 1,500 ataona ametapeliwa. Ni heri aambiwe leo, kabla hajasaini mkopo.

Gesi asilia ya bajaji niipitie haraka. Ni yetu, iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na madereva wa Dar wanasema inawapunguzia gharama kwa zaidi ya nusu. Wanasema pia foleni ya kujaza inakula saa za kazi. Vituo havijakimbia kwa kasi ya mitungi. Nayo bado ni mafuta ya kuchimba, hata kama hatuyanunui kwa dola.

Ethiopia imeamua kwa ukali kuliko sisi sote. Januari 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Haikuwa kwa ajili ya hewa safi kwanza. Ilikuwa inatumia karibu dola bilioni 6 kwa mwaka kuagiza mafuta, na dola hazikuwepo. Maji yanayoporomoka milimani yalikuwepo. Umeme wa maji hayo hauishii kwao. Tangu Novemba 2022 unasafiri kwa waya wa kilomita zaidi ya 1,000 na volti 500,000 kuingia Kenya.

Waya huo unatua Suswa, katika Bonde la Ufa, jirani na visima vya jotoardhi vya Olkaria, ambako usiku watu wakilala mvuke mwingine huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Suswa ndipo pia reli ya SGR kutoka Mombasa na Nairobi inapokomea tangu 2019. Treni inayofika hapo bado imebeba jenereta yake na dizeli yake.