Kiwayu: Somo la bahari lisilofunzwa runingani

KIJANA wa Kiwayu, kisiwa kilichoko kaskazini mashariki mwa Lamu, aweza kukutajia kikosi kizima cha Manchester United na nyota wa filamu za Kihindi. Si kosa, burudani haina mpaka. Swali ni iwapo ajua bamvua litaangukia lini.

Mwezi unapoandama au kuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa mno, kisha hupwa mno: mkondo wa mikokoni uliopitika alfajiri huwa matope matupu baada ya takriban saa sita. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Asiyejua hesabu hiyo hukwama.

Hatari kubwa zaidi iko nje ya miamba. Wavuvi wa kamba, wengi wao Wabajuni, hungoja kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari inapotulia. Mashine ya boti ikizimika wakati wa kusi, upepo na mkondo huisukuma kaskazini, kuelekea Somalia, na mpaka hauko mbali. Hapo hufaa tanga la akiba, na mtu ajuaye kulitweka.