Mlango Unaokataa: Tengeneza Serire ya Umeme ya Motokari Yako Wewe Mwenyewe

Mwezi huu tuongee juu ya milango ya motokari. Msicheke. Nitawaambia kwa nini.

Usiku mmoja wa mvua walikuja kunigongea. Mama mmoja wa kanisa letu uchungu ulikuwa umemshika. Nikawasha motokari yangu, ya Japani ya mwaka 1998, tukaenda mbio. Tulipofika kwenye hospitali, mlango wa nyuma upande wake ukakataa. Nikafinya kifungo cha umeme pale kwa shofere: milango mingine ikalia, ule wake kimya. Kale kachuma ka kufungulia kwa mkono kichwa chake kilivunjika zamani, na mimi sikujali, kwa sababu umeme ulikuwa unafanya kazi. Mume wake alikuwa anapiga kioo: "Papa pasta, mulango inakatala!" Yule mama, na tumbo lake na maumivu yake, akatambaa juu ya kiti mpaka mlango wa upande wa pili. Sisi hatukuwa Paulo na Sila ndani ya gereza la Filipi. Milango yetu haikufunguka yenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa garaji moja. Wakaniambia: tubadilishe serire ya mlango mzima, na bei yake ilikuwa inakaribia masomo ya mtoto wangu. Nikarudi nyumbani, nikamwita kijana mmoja wa kwaya aliyesoma umeme, tukafungua sisi wenyewe.

Serire hizi si jambo la jana. Kampuni ya Packard kule Marekani iliziweka katika motokari zake za 1956, wakati mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Lakini siku zile zilikuwa za matajiri. Siku hizi karibu kila motokari ya okazio inayotoka Japani, inapita Dar es Salaam na Zambia, inaingia kwetu kwa Kasumbalesa, inazo. Nayo imekwisha kufungua na kufunga milango miaka mingi mbele ya kuonja vumbi letu jekundu.

Ndani ya kila mlango mna kamotere kadogo ka volti 12, na meno ya plastiki. Meno yale yanasukuma kijiti cha chuma, na kijiti kinafunga serire. Umeme ukipita upande huu, kinafunga. Ukigeuka upande mwingine, kinafungua. Ni hivyo tu. Katika motokari nyingi mlango wa shofere ndio mkubwa wa wengine: ndani yake mna kifungo kinachotuma habari kwa milango yote. Kwa zile za volanti ya kuume, mkubwa huyo yuko upande wa kuume. Kama waliihamisha volanti kwenda kushoto, chunguza sana nyuzi, maana mara nyingi aliyehamisha alikata na kuunga kwa haraka.

Sasa, mbele ya kushika turnevisi, tumia masikio. Fungua vioo vyote, usije ukajifungia lufungulo ndani. Finya kifungo, mtu mwingine asikilize kila mlango. Milango yote ikinyamaza, usifungue hata mmoja. Anzia kwa fuzibo, kale kawaya kadogo kanakoungua ili zile kubwa zisiungue. Kama imeandikwa 15, weka 15. Nimeona vijana wanafunga pale waya ya shaba ao karatasi ya sigara. Kijana, hiyo ni kuwasha moto ndani ya nyumba yako na kulala. Fuzibo ikiwa nzima, shida iko kwa kifungo cha shofere, kwa relai ao kwa nyuzi za mlango wake.

Ikiwa ni mlango mmoja tu unaonyamaza, umeme haufiki, ao kamotere kamekufa. Ukisikia kanalia lakini serire haitembei, meno yamekwisha ao kijiti kimetoka mahali pake. Ikiwa inatembea polepole kama mzee asubuhi ya baridi, mara nyingi ni vumbi na mafuta yaliyokauka.

Kuna jambo lingine, na hapa wengi wanalipa bure. Mlango wa nyuma ukifunguka kwa inje lakini ukikataa kwa ndani, fungua mlango ule, tazama ukingo wake karibu na serire. Utaona kachuma ao kaplastiki kadogo: ni kizuizi cha watoto. Mtu alikasukuma wakati wa kuosha motokari. Karudishe, basi, kazi imekwisha. Dada mmoja alitaka kununua serire mpya kwa ajili ya hako.

Tukirudi kwa mlango wangu. Tulitoa visi za mshikio, moja imefichwa chini ya kaplastiki, nyingine mahali pa kuweka mkono. Usivute kwa nguvu mbele ya kuzipata zote, utapasua ubao wa mlango. Kisha ingiza kisu cha meza kilichofungwa kitambaa, uende ukibandua polepole mmoja-mmoja vile vifungo vya plastiki. Vingine vitavunjika, havikosi. Nyuma yake utakuta plastiki kubwa imebandikwa. Usiitupe. Inazuia maji ya mvua yasiingie ndani, irudishe vizuri. Kioo kiwe juu, na angalia mikono yako: bati ya ndani inakata kama wembe.

Tukachomoa nyuzi mbili za kamotere, tukaweka lampi ndogo ya volti 12 katikati yao, mke wangu akafinya kifungo. Lampi haikuwaka hata kidogo. Kumbe kamotere hakana kosa! Tukavuta ule mpira mweusi unaopita katikati ya mlango na mwili wa motokari, mahali pa bawaba. Ndani yake nyuzi mbili zilikuwa zimekatika kabisa. Kila mara unapofungua mlango nyuzi zile zinakunjika. Miaka mingi, mwisho zinachoka. Ukiwa na shida ya mlango mmoja, tazama pale mbele ya kununua kitu chochote.

Tulitoa waya ya batri, tukaongeza kipande kwa kila uzi ili isivutike tena, tukaunga kwa risasi. Umeme wa nyumba ulikuwa umekatika siku ile (na Mwadingusha, inayotoa umeme tangu 1930, si mbali na sisi!), basi chuma cha kuungia tulikipasha ndani ya mbabula. Skochi ya umeme juu yake, mpira tukaurudisha. Gharama: waya kidogo na skochi.

Mwaka uliofuata mlango wa mbele ulilia bila kutembea. Huo ulikuwa meno kweli. Nilitafuta kamotere kazima kwa wauzaji wa vipuri vya okazio. Ukinunua, kajaribu pale pale kwa batri, lakini gusa tu na kuachilia. Umeme wa kamotere hiki hautakiwi kupita sekunde moja, kanaungua. Serire yenyewe tuliisafisha kwa brashi, tukaipaka grisi kidogo. Mafuta ya motere hapana, yanashika vumbi, na baada ya miezi una matope.

Onyo moja kwa wenye haraka: usifunge mlango mbele ya kujaribu serire ungali wazi. Ukiisukuma kwa turnevisi ikajifunga, vuta kwanza mshikio iachie. Ukisahau na kufunga mlango wakati kijiti hakijaungwa, utaufungua namna gani?

Wengine wataniuliza kama hii ni kazi ya mchungaji. Barabara yetu ya Kolwezi na Lubumbashi imejaa malori ya migodi. Mwezi wa pili 2019 lori la asidi lilipata aksida upande wa Kolwezi, watu wengi wakafa. Katika barabara kama hiyo, mlango usiofunguka kwa ndani si mchezo. Hata bila aksida, mwezi wa kumi jua la Likasi linachoma. Mtoto asiachwe ndani ya motokari hata dakika chache, na kila mtoto mkubwa afundishwe kufungua serire kwa mkono bila umeme. Mimi kale kachuma kaliyovunjika nilikawekea kichwa kipya siku ile ile.

Yule mama alizaa kijana usiku ule, dakika chache baada ya kufika. Leo anasoma. Akipanda motokari yangu Jumapili, anakaa mlango ule ule, na kwanza kabisa anashika kachuma, juu, chini, juu, kisha anasema: "Papa pasta, twende."