Buibui anayewasaka mbu walioshiba damu

KATIKA nyumba za wavuvi wa Katonga, jirani na mji wa Kigoma, kama ilivyo katika makazi mengi ya kando ya maziwa makuu, buibui wadogo warukao ukutani hufagiwa pamoja na vumbi bila mtu kujali. Hata hivyo, jamaa yao mmoja wa Ziwa Victoria amewafanya wataalamu wawatazame kwa jicho jingine.

Buibui huyo, Evarcha culicivora, alielezwa rasmi kisayansi mwaka 2003 na Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, kutokana na utafiti uliofanyika Mbita, nchini Kenya. Jina lake la pili lina maana ya mla mbu.

Bila shaka wenyeji wa Mbita walikuwa wakimwona siku zote. Lakini katika sayansi, spishi haihesabiwi kuwa mpya hadi itakapolinganishwa na zile zilizokwishaandikwa. Kwa buibui, kinachochunguzwa zaidi ni viungo vya uzazi vya dume na jike, kwa kuwa hivyo hutofautiana hata pale maumbo ya nje yanapofanana. Maelezo na michoro huchapishwa, na kielelezo huhifadhiwa ili watafiti wa baadaye walinganishe nacho.

Buibui huyu ana urefu wa nusu sentimita hivi, na uso wake ni mwekundu. Hategi utando, huwinda kwa macho, kisha huruka. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya binadamu, lakini damu anaipenda. Huipata kwa kumla mbu jike aliyekwisha kuinyonya. Mwaka 2005, Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walionyesha kuwa huweza kumchagua mbu wa aina hiyo kwa kumwona tu, au kwa kunusa harufu yake tu.

La kustaajabisha zaidi ni watoto wake. Mbu aina ya anofelesi, aenezaye malaria, hutua akiwa ameinua tumbo juu. Buibui mchanga huitambua namna hiyo ya kutua, huzunguka kwa nyuma na kumvamia kupitia chini ya tumbo lile. Aidha, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa buibui hao huvutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko soksi safi, yaani humfuata binadamu kwa kuwa ndipo mbu walipo.

Je, atamaliza malaria? La. Mbu anayeliwa amekwisha kuuma mtu, na chandarua chenye dawa kinabaki pale pale. Ila vimelea vya malaria huhitaji zaidi ya wiki moja ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine, na mbu aliyeliwa usiku ule ule aliponyonya damu hawezi kuufikisha ugonjwa huo kwa jirani.