Albamu za mwaka wa corona: Zipi zimestahimili?

KILA mwaka unapofikia ukingoni, magazeti, vituo vya redio na mashabiki wa muziki huanza shughuli isiyokosa ubishi: kuzipanga albamu zilizotolewa mwaka huo, kuanzia iliyotia fora hadi iliyovuta mkia. Orodha hizo husomwa kwa hamu, hupingwa kwa hamu iyo hiyo, kisha ifikapo Februari hakuna anayezikumbuka.

Kasoro kubwa ya orodha hizo si upendeleo, ingawa upendeleo upo. Kasoro ni haraka. Anayeandika Desemba huwa amezisikiliza albamu za Januari mara nyingi, za Novemba mara moja au mbili, na zile za Desemba yenyewe huenda hajazisikia kabisa. Marehemu D'Angelo wa Marekani alitoa Black Messiah tarehe 15 Desemba 2014, wakati majarida mengi yalikuwa yamekwisha kuchapisha orodha zao. Gazeti la Village Voice la New York, lililotangaza matokeo ya kura za wahakiki baada ya mwaka kwisha, ndilo lililopata fursa ya kuiweka albamu hiyo katika nafasi ya kwanza.

Kura hiyo ya Village Voice, iliyoendeshwa kila mwaka kwa zaidi ya miongo minne tangu 1974, ilikuwa na utaratibu ambao mtu yeyote anaweza kuuiga nyumbani kwake. Kila mhakiki alipewa pointi 100 azigawe kwa albamu 10. Hakuna albamu iliyoweza kupata zaidi ya pointi 30 wala chini ya 5. Hivyo mhakiki alilazimika kusema si tu ni ipi aliyoipenda zaidi, bali pia aliipenda kwa kiasi gani kuliko ile iliyoifuata.

Hata hivyo, kusubiri mwezi mmoja au miwili hakutoshi. Mnamo 2003 jarida la Rolling Stone lilipanga albamu 500 bora za nyakati zote, na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya kundi la Beatles ikaongoza. Orodha hiyo ilipoandikwa upya mwaka 2020 kwa kura za watu wengine, uongozi ulimwendea Marvin Gaye kwa What's Going On, nayo Beatles ikaporomoka hadi nafasi ya 24. Hakuna noti hata moja iliyokuwa imebadilika katika albamu hizo mbili. Waliobadilika ni wasikilizaji.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 wenyewe unafaa kupimwa upya hapa Afrika Mashariki, sasa kelele zake zimetulia.

Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha corona tarehe 13 Machi mwaka huo. Wiki mbili baadaye, tarehe 27, kafyu ikaanza kutekelezwa kuanzia saa moja jioni. Mabaa yakafungwa na tamasha zikafutwa. Ikumbukwe kuwa kwa wanamuziki wengi wa eneo hili, wimbo uliorekodiwa ni tangazo tu. Riziki yenyewe hupatikana jukwaani. Ghafla jukwaa likatoweka na kubaki tangazo. Msanii aliyetoa albamu mwaka huo aliitoa kwa watu waliofungiwa majumbani, wenye muda wa kuisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halijawa kawaida yao.

Halikuwa kawaida kwa sababu biashara ya muziki wa Kenya haikujengwa juu ya albamu. Katika enzi ya santuri ndogo zilizouzwa River Road, wimbo mmoja wa benga au rumba ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Santuri kubwa mara nyingi ilikuwa mkusanyiko wa vibao vilivyokwisha kuvuma. Zikaja kanda za kaseti na wanakili haramu waliozichuma bila jasho. Baadaye ikaja milio ya Skiza, ambayo humlipa msanii kwa kipande cha wimbo mmoja mpigaji simu anachosikia akingoja kujibiwa. Katika mazingira hayo, anayekaa kitako akapanga nyimbo kumi zinazotegemeana anafanya kazi ambayo soko halikumwagiza.

Kipimo cha haki, basi, si idadi ya vibao vilivyotamba. Ni swali moja: ukiondoa wimbo mmoja, au ukiuhamisha kutoka nafasi yake, je, kuna kinachopungua? Albamu ambayo nyimbo zake zinaweza kuchanganywa kama karata bila hasara ni kapu tu, hata kama kapu limejaa matunda mazuri.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya sita inaiendea Lucky You ya Nyashinski. Huyu ni msanii aliyetamba na kundi la Kleptomaniax, akaishi Marekani kwa miaka mingi, kisha akarudi na kuteka anga upya. Hii ilikuwa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Ufundi wake wa kuhama kutoka kuimba hadi kufoka katika mstari mmoja haupingiki, lakini albamu inasikika kama mkusanyiko wa ushindi mbalimbali kuliko safari moja.

Nafasi ya tano ndiyo itakayozua ubishi. Midnight Train ya Sauti Sol, iliyotoka Juni 2020, ilikuwa albamu ya tano ya kundi hilo na ya kwanza chini ya kampuni ya Universal Music Africa. Wageni wake ni wa hadhi: India.Arie kutoka Marekani, kwaya ya Soweto na Sho Madjozi kutoka Afrika Kusini. Sauti zinapangwa kwa ustadi ambao hakuna bendi nyingine ya Kenya iliyoufikia. "Suzanna" ni kibao kitakachochezwa harusini hata baada ya waliokitunga kustaafu.

Ila albamu inajaribu kumfurahisha kila msikilizaji wa kila bara, na mara kwa mara mtu hupoteza fahamu ya mahali alipo. Inapotulia nyumbani ndipo inapong'aa. "Disco Matanga" imechukua jina la ngoma za usiku kucha ambazo magharibi mwa Kenya huchezwa kwenye matanga huku michango ya mazishi ikikusanywa. Wimbo huo ulikuwa ndani ya albamu iliyotolewa wakati serikali imezuia mikusanyiko na kuwaruhusu jamaa 15 tu kuhudhuria mazishi. Hakuna aliyepanga sadfa hiyo, lakini mtu akiusikiliza leo hawezi kuitenga nayo.

Nafasi ya nne na ya tatu zimeshikwa na Wakenya ambao huenda wasomaji wengi hawajapata kuwasikia redioni. Kundi la Duma, la Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yenye jina la kundi lenyewe kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Wawili hao walitoka katika kundi dogo la wapenzi wa muziki wa metali jijini Nairobi. Albamu yao ni mayowe, mitambo na midundo ya kasi isiyochezeka. Si muziki wa kumwekea mgeni wakati wa chai. Walakini una mpangilio mkali: kila wimbo unaendeleza hofu ya uliotangulia, na katika mwaka ambao watu walikuwa na hofu, hakuna albamu iliyoisema waziwazi namna hiyo.

Peel ya KMRU iko upande wa pili kabisa wa sauti. KMRU ni Joseph Kamaru, mjukuu na wajina wa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018, yule ambaye nyimbo zake ziliwakera watawala wa zama zaidi ya moja. Babu alikuwa na maneno makali. Mjukuu hana neno hata moja. Albamu nzima ni sauti zinazovimba na kunywea polepole, baadhi zikiwa zimenaswa katika mazingira ya kawaida kisha zikanyoshwa hadi zisitambulike. Msikilizaji asiye na subira ataiona kama mngurumo wa jokofu. Mwenye subira atagundua kuwa hakuna sekunde inayofanana na nyingine. Inafaa kutajwa pia kuwa kijana huyu ndiye aliyejitwika kazi ya kuzitoa upya mtandaoni rekodi za babu yake, kazi ambayo ingepaswa kuwa na bajeti ya taifa.

Nafasi ya pili ni ya Wakadinali na Victims of Madness. Scar Mkadinali, Domani Munga na Sewersydaa, vijana wa Eastlands, hawakumtafsiria mtu yeyote. Sheng' yao ni ya mtaani mno kiasi kwamba hata Mnairobi wa mtaa mwingine hulazimika kurudia. Midundo ni mizito na mikavu, na sauti tatu zinapokezana kijiti bila kuachiana nafasi ya kupumua. Kuna maneno ambayo mzazi hatapenda yasikike sebuleni, na kuna majigambo yanayochosha. Lakini albamu ina mahali, ina saa ya usiku na ina watu wake. Haikuazima hata kimoja kutoka kwingine. Vijana wengi waliofoka baada ya 2020 wanaonekana kuisoma kama kitabu cha kiada.

Nafasi ya kwanza inavuka bahari hadi Unguja. Siti of Unguja ya Siti Muharam ilitolewa 2020 na kampuni ndogo ya London, On the Corner Records. Mwimbaji ni kitukuu cha Siti binti Saad, yule mwana wa Fumba ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na ambaye maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika wasifu unaosomwa hadi leo.

Kuimba nyimbo za bibi mkuu wa taarabu ni mtego. Ukizinakili kama zilivyo, umefungua jumba la makumbusho. Ukizigeuza mno, umevunja nyumba ya wazee. Siti Muharam hakunaswa na upande wowote. Udi na fidla vipo, ngoma ipo, na mitambo ya kisasa imeingizwa kwa kiasi cha chumvi katika wali. Sauti yake haina haraka. Huukalia mstari mpaka maana yake itoke yenyewe.

Ushahidi mkubwa ni "Kijiti", wimbo wa Siti binti Saad kuhusu mkasa uliotokea Unguja: mwanamke mgeni kutoka bara aliuawa, mwuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Siti binti Saad aliuimba kama gazeti la wasiojua kusoma, na kama shtaka dhidi ya mahakama. Karibu karne moja baadaye, kitukuu chake anauimba bila kupaza sauti, na ghadhabu bado imo ndani. Ukiutoa wimbo huo katika albamu, nyimbo za mapenzi zinazouzunguka zinapoteza uzito, kwa kuwa ni mji ule ule na ni wanawake wale wale. Hapo ndipo kipimo kinapojibiwa.

Jambo la kusikitisha ni kuwa Mswahili wa Mombasa au Lamu alihitaji kampuni ya Uingereza ili kusikia urithi wake mwenyewe ukiimbwa hivi.

Zipo zilizoachwa nje. Afro East ya Harmonize ina vibao vya kutosha kujaza dansi ya usiku mzima, lakini ni ndefu kupita haja na wageni wake ni wengi mno. I Am Zuchu, kazi ya kwanza ya binti wa Khadija Kopa, ina nyimbo saba tu na haikutangazwa kama albamu kamili. Ingekuwa hivyo, Nyashinski angekuwa na sababu ya kuitazama nafasi yake kwa wasiwasi.

Twice as Tall ya Burna Boy, ambamo Sauti Sol wanasikika katika wimbo wa "Time Flies", ilishinda tuzo ya Grammy mwaka 2021. Hiyo, hata hivyo, ni ya Nigeria, na Wanigeria hawajawahi kukosa watu wa kuwapangia orodha.