Mafuta ya Utando wa Seli Nyekundu za Damu na Maradhi ya Skizofrenia

1.0 Utangulizi

Skizofrenia ni maradhi ya akili ambayo humfanya mgonjwa asikie sauti zisizokuwapo au ashikilie imani zisizo na msingi. Kwa kuwa ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande kwa ajili ya uchunguzi wa maradhi haya, baadhi ya wataalamu wameigeukia damu. Makala haya yanaeleza kile kilichoonekana katika damu hiyo pamoja na mipaka yake.

2.0 Sababu za Kuchunguza Seli Nyekundu

Utando wa seli umejengwa hasa kwa protini na mafuta yaitwayo fosfolipidi. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, wala haijitengenezei asidi za mafuta. Huzipata katika majimaji ya damu. Kwa kuwa huishi siku 120 hivi, utando wake hudokeza hali ya mwili kwa muda mrefu kuliko mlo wa jana.

3.0 Matokeo

Katika miaka ya 1990, David Horrobin alitetea nadharia kwamba chanzo cha skizofrenia ni hitilafu ya fosfolipidi za utando. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba, kwa wastani, seli nyekundu za wagonjwa zina upungufu wa asidi ya arakidoniki na asidi ya dokosaheksanoiki. Hata hivyo, sigara, mlo na dawa huathiri viwango hivyo. Aidha, sampuli iliyohifadhiwa katika nyuzi -20 badala ya -80 huweza kupoteza asidi hizo.

Je, upungufu huo ukizibwa, maradhi huzuilika? Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Vienna lililohusu vijana 81 waliokuwa katika hatari kubwa. Katika muda wa mwaka mmoja, waliougua ni 2 kati ya 41 waliopewa mafuta ya omega-3, na 11 kati ya 40 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matumaini yakawa makubwa. Lakini jaribio kubwa zaidi la watu 304, lililochapishwa mwaka 2017, halikuonyesha tofauti yoyote ya maana.

4.0 Hitimisho

Inadhihirika kwamba upungufu huo hufuatana na maradhi, lakini kufuatana si kusababisha. Kipimo cha utando hakitoshi kumtambua mgonjwa, wala mafuta ya samaki hayachukui nafasi ya tiba. Jamaa atakayemwachisha mgonjwa dawa kwa kutegemea mafuta hayo atakuwa amemhatarisha.