Jirani wa Uwanja wa Ndege: Utulivu Hulindwa Kabla Nyumba Hazijajengwa

Hapa Nangara, mjini Babati, siku huanza kwa adhana ya alfajiri. Baada yake husikika majogoo, kisha ng'ombe wanaotolewa zizini. Utulivu huo tumeuzoea kiasi cha kusahau kuwa ni neema. Tulikumbushwa tulipokwenda kumjulia hali shangazi yetu katika mji mmoja mkubwa, ambako nyumba yake iko chini ya njia ya ndege zinazotua. Asubuhi ya kwanza tulimsindikiza mjukuu wake madrasa. Kila ndege ilipopita, ustadh aliinua mkono, watoto wakanyamaza, wakangoja, kisha wakairudia aya tangu mwanzo. Shangazi alituambia kwamba mtaani kwao hata mazungumzo yana vituo, kama basi.

Tulirudi nyumbani na swali: je, kelele za ndege ni adha ya kuvumiliwa tu, au kuna linaloweza kufanywa? Tumeona kwamba lipo, na lililo kubwa zaidi hufanywa ardhini, kabla ya msingi wa nyumba ya kwanza kuchimbwa.

Tuanze na watoto. Mwaka 1992 mji wa Munich, Ujerumani, ulifunga uwanja wake wa zamani na kufungua mwingine mahali pengine. Watafiti waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla na baada ya mabadiliko hayo. Waliokuwa karibu na uwanja mpya walirudi nyuma katika kusoma na katika kumbukumbu ya muda mrefu. Waliokuwa karibu na uwanja wa zamani walipata nafuu katika mambo hayo hayo baada ya kelele kukoma. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yanamwonya mzazi na kumfariji pia, kwa kuwa yanaonyesha kwamba kelele ikiondolewa, akili ya mtoto hujirudi.

Usiku nao una hesabu yake. Aliyelala anaweza asiamke ndege inapopita, lakini moyo wake huongeza mapigo na usingizi wake hupungua kina. Ndiyo maana mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilishauri wastani wa kelele za ndege usifikie desibeli 45 kwa siku nzima, wala 40 kwa usiku.

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilikubaliana juu ya njia nne za kupunguza kelele: kutengeneza ndege tulivu zaidi, kupanga matumizi ya ardhi, kubadili namna ya kuruka na kutua, na mwisho kuzuia baadhi ya safari.

Njia ya kwanza imepiga hatua kubwa. Injini za jeti za zamani zilifyatua hewa chache kwa kasi kali, na hiyo kasi ndiyo iliyozaa mngurumo. Injini za leo zina feni pana inayosukuma hewa nyingi kwa upole. Ndege aina ya Airbus A220-300, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, zina gia ndani ya injini inayoiwezesha feni kuzunguka polepole zaidi, na kelele ikapungua.

Njia ya tatu na ya nne ni za ratiba na ustaarabu. Uwanja wa Heathrow, London, umewekewa masharti ya safari za usiku tangu mwaka 1962. Ndege zinapotua kutokea mashariki, njia ya kutulia hubadilishwa saa tisa alasiri, ili wakazi wa kila upande wapate nusu ya siku ya kupumzika, na waijue mapema.

Lakini kwa mji unaokua kama wetu, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002, njia ya pili ndiyo yenye somo. Msafiri anayetoka Babati kwa njia ya Kondoa hupita Msalato kabla ya kuingia Dodoma. Uwanja wa zamani wa Dodoma umezungukwa na mji. Uwanja mpya ukapelekwa Msalato, nje ya mji. Hata hivyo umbali pekee hautoshi. Uwanja huvuta barabara, barabara huvuta maduka, na maduka huvuta nyumba. Ardhi iliyo chini ya njia ya ndege isipotengewa mashamba, maghala au malisho, baada ya miaka ishirini watoto watakuwa wanalala hapo.

Kuchelewa kuna gharama. Dar es Salaam, wakazi wa Kipawa na Kipunguni walifanyiwa tathmini mwaka 1997 ili kupisha upanuzi wa uwanja, na malipo yao yakachukua zaidi ya miaka kumi. Familia haziwezi kujenga wala kuhama kwa muda kama huo.

Kuna jambo moja ambalo mkulima wa Nangara atalielewa upesi. Karibu na uwanja wa Schiphol, Uholanzi, wakazi waligundua kwamba mngurumo wa ndege zinazoanza kukimbia ulipungua kila mashamba yalipolimwa. Mifereji ilikuwa ikiitawanya sauti inayotambaa ardhini. Basi likajengwa eneo zima la matuta marefu, lililofunguliwa mwaka 2013. Matuta hayo hayazuii sauti ya ndege iliyo angani, na miti nayo husaidia kidogo tu.

Kwa aliyekwisha kujenga chini ya njia ya ndege, sauti huingia zaidi kupitia paa na nyufa. Bati tupu halizuii kitu, kama tujuavyo mvua inyeshapo. Dari nzito, milango na madirisha yanayofunga sawasawa, na chumba cha watoto kuwekwa upande ulio mbali na njia hiyo, vyote huleta nafuu.

Dini yetu imesisitiza haki ya jirani, na kutomdhuru mtu ni katika misingi yake. Mwenye uwanja ni jirani, nasi pia ni majirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wapewe nafasi ya kusema. Nafasi hiyo hupotea tusipohudhuria. Tukiitwa mkutanoni, tuulize: ndege zitapita juu ya mitaa ipi, zitaruka saa ngapi za usiku, na shule na madrasa zitakuwa wapi? Na anayenunua kiwanja karibu na uwanja wowote wa ndege, aende ofisi ya ardhi kuona ramani ya mipango kabla ya kutoa fedha yake. Kisha aketi pale kiwanjani tangu alfajiri hadi isha, asikilize.