Duka la mafuta mu telefone: ukiliuza, unauza nini?

Mu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, bamama wengi wanauza mafuta ya ngozi bila kukodi nyumba ya biashara. Duka ni telefone: picha zinapita ku WhatsApp, feza zinaingia ku M-Pesa ao Airtel Money, mwenye pikipiki anapeleka mzigo.

Bakiliya wazuri si wasichana. Ni bamama wa myaka 45 na kupita. Siku za mwezi zikikatika, ngozi inapoteza mafuta yake, inakuwa kavu na nyembamba. Ongeza vumbi la kiangazi. Mama akipata mafuta yenye kumfaa, haachi muuzaji wake.

Lakini bwana akihamishwa, ao kontra ya mine ikiisha, mama anataka kuuza duka. Bei gani? Wengi wanahesabu makopo yaliyobaki. Ni hesabu ya nusu, na nusu ndogo. Makopo yana tarehe ya kuisha, tena mnunuzi anaweza kuyapata mahali pengine. Kitu cha bei ni wale bamama wanaojibu ujumbe. Hata sheria ya OHADA, ambamo Congo iliingia mwaka 2012, inasema mu fonds de commerce klientele na jina la biashara havikosekani. Na mwenye kuuza hana ruhusa ya kumsumbua mnunuzi: usiuze leo, kesho ukafungua grupe mupya na kuita bakiliya walewale.

Taabu ni namba. SIM na konti ya M-Pesa vimeandikishwa kwa jina lako. Ukimwachia mwingine, wizi ukipita humo, ni wewe utaitwa. Njo maana mnunuzi afungue konti yake mwenyewe. Ukurasa wa Facebook na grupe ya WhatsApp ni rahisi: unamuweka awe msimamizi, kisha wewe unatoka. Mbele ya kutoka, tuma vokali; bamama wasikie habari kwa sauti wanayoijua.

Mnunuzi naye aombe kuona feza za mwaka muzima. Mu mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya inchi. Mwenye kuonyesha tu miezi ya mbele ya pale anaficha kitu. Madeni ya bakiliya yaandikwe pia, jina kwa jina.

Kuna mnunuzi wa kuogopa: yule anayetaka namba za bamama awauzie mafuta ya kufanya ngozi nyeupe. Mengine yana zebaki, ile merkire ya wachimba zahabu, na OMS inasema inaharibu mafigo. Mama aliyekuamini myaka mitano hatauliza kuko nini ndani, atapaka tu. Kwa hiyo karatasi ya mauzo iseme mafuta gani yataendelea kuuzwa, na sehemu ya feza ilipwe kisha miezi mitatu, bamama wakiwa bado wanajibu. Mwenye kukataa kuandika hayo, hata kama ameshika dola mu mukono, tafuta mwingine.